Mwindaji anayeota: jibu kwa mwandishi wa Mikindani

Swali: "Shikamoo mwalimu. Mimi ni msichana wa Mikindani, naandika riwaya ya fantasia. Mhusika wangu, Somoe, huwinda wanyonya damu kila anapolala. Akiamka hukuta michubuko mwilini, siku nyingine tope miguuni, wala hajui kama aliota au alitoka kweli. Wanyonya damu wangu wametoka Ulaya, wanaishi kwenye jumba la mawe, wanaogopa vitunguu saumu na wanauawa kwa kigingi cha mti. Sura ya pili nimemweka na popo anayenyonya damu. Dada yangu alisoma, akasema sura ya saba imempoteza, hakujua tena Somoe yuko wapi, akaacha. Nifanyeje ndoto na kweli zichanganyike bila msomaji kupotea? Na mwishoni niseme yote yalikuwa ndoto?"

Marahaba, mdogo wangu.

La mwisho ndilo jepesi, kwa hiyo nianze nalo. Usiseme yote yalikuwa ndoto. Msomaji aliyekufuata kurasa zote hizo amemhofia Somoe, amewachukia adui zake, pengine amelia na mama yake. Ukimwambia mwishoni kwamba hakuna aliyeumia wala aliyekufa, umemnyang'anya kila alichokipata njiani, na hatakusamehe. Hata kinyume chake, kusema kwamba yote yalikuwa kweli tupu, ni njia ya mkato kwa hadithi nzito kama yako. Ipo njia nyingine, na nadhani kuikosa ndiko kulikomfanya dada yako afunge daftari.

Maelezo yako yamenieleza Somoe anaota nini. Hayakunieleza anafanya nini mchana kwa sababu ya alichokiota. Msomaji huvumilia sana kutojua kama mhusika yuko macho au kalala. Asichokivumilia ni kutojua kuna nini cha kupotea. Chukua mfano huu. Usingizini Somoe amemwona mnyonya damu na ameitambua sura yake: ni yule mzee wa baiskeli anayenunua korosho kwa kangomba, yaani kwa magendo na kwa bei ya chini, anayepita mlangoni kwao kila msimu. Asubuhi anakutana naye. Mzee anamsalimia vizuri, "Umeamkaje mwanangu?" Nyuma ya mlango kuna panga. Kama ndoto inasema kweli na Somoe akanyamaza, usiku unaofuata mtoto wa jirani atakufa. Kama ndoto inadanganya na Somoe akainua panga, amemuua mzee wa watu mwenye wajukuu. Hapo msomaji atafungua ukurasa hata kama hana hakika ya lolote, kwa sababu anajua kabisa kinachoning'inia.

Nakusisitizia jambo hili kwa sababu sisi si wageni wa hofu ya kunyonywa damu. Nina wasiwasi umevuka bahari kutafuta kitu ambacho bibi zako walikuwa nacho. Katika pwani yetu yote, tangu enzi za ukoloni, watu wamezungumza habari za mumiani, watu wanaosemekana kuwanyonya wenzao damu. Nairobi na Kampala waliitwa wazimamoto, kwingine chinjachinja. Mwanahistoria Luise White, aliyechapisha utafiti wake juu ya simulizi hizi mwaka 2000, alionyesha kitu ambacho mwandishi wa riwaya anapaswa kukikodolea macho: mnyonya damu wa Afrika Mashariki si maiti iliyofufuka kaburini. Ni mtu hai. Ana kazi na mshahara. Ni askari wa zimamoto, au mtumishi wa hospitali, au mpima ardhi, anapita na gari lililofungwa, na damu anayoitoa haiinywi yeye, anaipeleka kwa mtu mwingine anayeilipia.

Linganisha na huyo wako wa jumba la mawe. Hofu ya Ulaya iliyozaa riwaya za wanyonya damu ilitoka vijijini Serbia, miaka ya 1720 na 1730, eneo likiwa chini ya utawala wa Austria. Mtu alikufa, kisha jamaa na majirani wakaanza kuugua na kufa, wakasema marehemu anarudi. Makaburi yakafukuliwa. Maiti zilikutwa zimevimba na zina damu mdomoni, jambo ambalo leo tunajua huletwa na kuoza kwenyewe. Mwaka 1755 Malkia Maria Theresa, baada ya kumtuma daktari wake kuchunguza, alipiga marufuku ufukuaji huo. Yule ni mfu anayewarudia wa kwao, ndiyo maana kigingi kinamtosha: ukishammaliza yeye, umemaliza shughuli. Wa kwetu hamalizwi kwa kigingi. Ukimkamata huyu mwenye gari, bado yupo anayenunua. Mwindaji wa mumiani lazima awe mpelelezi: afuate damu inakoelekea, aulize nani anatajirika, na kila mlango anaoufungua unampeleka kwa mtu mkubwa zaidi.

Sisemi huruhusiwi kuwa na wageni wa Ulaya. Mikindani ni mji wa wageni tangu zamani. Livingstone aliondokea hapo 1866 kuelekea bara kupitia Ruvuma, na Boma la Wajerumani lililojengwa 1895 mnalitazama kila siku. Ukitaka mnyonya damu aliyeshuka kwenye meli ya Wajerumani na kubaki, hadithi inabeba. Ila chagua sheria moja uishike. Huyo wa meli akianza kununua na kuuza kama mumiani, vitunguu saumu havimhusu tena. Na tafadhali mwondoe yule popo wa sura ya pili. Popo wanaonyonya damu wanaishi Amerika, kuanzia Mexico kushuka kusini. Wa Mikindani wanakula maembe na wadudu, na watoto wote wa huko wanalijua hilo.

Sasa upande wa uchungu wa simulizi hizi, ambao ndio unaotoa uzito kwenye panga la Somoe. Mwaka 1995 hofu ya popobawa, shetani anayesemekana kuwavamia watu usiku, ilipoanza Pemba ikafika Unguja, watu walilala nje ya nyumba zao, wamekusanyika, wakikesha. Mjini Unguja kundi la watu lilimuua mtu mmoja mgonjwa wa akili wakidhani ndiye. Mwaka 2017 kusini mwa Malawi, wilaya za Mulanje na Phalombe, uvumi wa wanyonya damu ulisababisha watu kadhaa kuuawa na makundi ya wananchi, na Umoja wa Mataifa ukawaondoa watumishi wake maeneo hayo. Ng'ambo ya Ruvuma, Msumbiji, uvumi wa aina hiyo umezuka tena na tena. Kila aliyeuawa alikuwa mtu aliyekuwa na mama. Na waliomuua, mdogo wangu, hawakuwa wakiigiza. Waliamini kwamba wao ndio wawindaji.

Kwa hiyo unapochanganya ndoto na kweli, unachezea kitu chenye ncha. Katika riwaya nyingi za aina hii mwindaji ana haki tangu ukurasa wa kwanza. Wa kwako asiipate haki hiyo bure. Ninakuomba pia uwe mwangalifu na zahanati: ukimfanya muuguzi anayetoa damu kuwa mwovu, uwe na sababu ndani ya hadithi, na awepo muuguzi mwingine ambaye msomaji anampenda. Mikoa ya Mtwara na Lindi ina malaria, ina wajawazito wenye upungufu wa damu, na damu ya kuwaongezea hutoka kwa watu waliokubali kuchangia.

Zahanati hiyo hiyo, kwa kweli, ndiyo itakayokusaidia zaidi kuliko jumba la mawe. Somoe ananyonywa damu usiku, au hanyonywi. Basi mpeleke kupimwa. Mtu mzima ana damu kama lita tano, na mchango mmoja wa damu ni takriban mililita 450. Maji ya damu hurudi ndani ya siku moja au mbili, lakini chembe nyekundu huchukua wiki kadhaa. Muuguzi anamfunua kope, anaona weupe, anapima, anamwambia damu yake ni gramu saba, pungufu sana. Sasa kuna namba iliyoandikwa kwenye karatasi, na maelezo matatu yanagombea namba hiyo: mnyonya damu, malaria ya muda mrefu, au hedhi nzito ambayo Somoe hajapata kumwambia mtu. Homa kali nayo humfanya mtu aweweseke na aone watu chumbani. Usimwambie msomaji lipi ni sahihi. Mpe karatasi, akae nayo.

Kuhusu usingizi wenyewe, usibuni kila kitu, maana uliopo unatosha. Mwaka 1953 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago, Aserinsky na Kleitman, walitangaza kwamba kuna vipindi vya usingizi ambapo macho ya mtu hukimbia chini ya kope, na akiamshwa wakati huo mara nyingi husimulia ndoto. Vipindi hivyo hurudi takriban kila dakika 90, na hurefuka kadiri alfajiri inavyokaribia. Wakati wa vipindi hivyo misuli ya mwili huwa imelegezwa, tusije tukatenda tunachokiota. Mara nyingine akili huamka kabla misuli haijafunguliwa. Hapo mtu hufumbua macho, huona chumba chake halisi, chandarua, dirisha, kanga iliyotundikwa, lakini hawezi kuinua hata kidole, na ndani ya chumba hicho halisi kuna mtu ambaye hayupo, amemkalia kifuani. Kwetu tunasema amekabwa na jinamizi. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa 2011 ulikadiria kwamba karibu watu 8 kati ya 100 limewapata angalau mara moja. Huwapata zaidi wanaolala chali na waliochoka kwa kukosa usingizi. Hudumu sekunde chache, mara chache dakika mbili tatu.

Angalia zawadi uliyopewa hapo. Chumba ni cha kweli na mgeni ni wa ndoto. Huhitaji ukungu, kioo cha ajabu wala mlango wa siri. Anza sura yako ya saba Somoe akiwa amefumbua macho, chali, taa ya jirani ikipenya dirishani, na mzee wa korosho ameketi kwenye kigoda.

Tena usisahau kwamba mwindaji hukesha. Mtu aliyekosa usingizi siku kadhaa huanza kusinzia kwa sekunde chache bila kujua, macho yakiwa wazi. Ukitaka mahali pa kumkesheza Somoe pasipofanana na riwaya yoyote ya Ulaya, mtoe mjini umpeleke lindoni. Wakulima wa Lindi na Mtwara wanajua maana ya kulala kwenye dungu shambani, mihogo na mpunga vikikaribia kuvunwa, ukisubiri nguruwe pori. Pale usiku si mapambo. Utafiti ulioongozwa na Craig Packer, uliochapishwa 2005, ulihesabu zaidi ya Watanzania 563 waliouawa na simba tangu 1990, na mkoa wa Lindi ulikuwa miongoni mwa ulioumia zaidi. Mashambulizi yaliongezeka wakati wa mavuno, na wengi walikutwa kwenye vibanda vya shambani wakilinda mazao. Utafiti uliofuata, wa 2011, ulionyesha kwamba hatari huwa kubwa zaidi siku zinazofuata mwezi mpevu, saa za mwanzo za usiku, kabla mwezi haujachomoza. Kusini ipo imani kwamba simba mwingine si simba wa porini, ametumwa na mtu. Kwa hiyo hata mnyama mwenye meno, aliyeacha nyayo, aliuliziwa swali lile lile la Somoe: huyu ni nani hasa? Sura moja ya dungu, giza lile la kabla ya mwezi, binti anayesinzia na kuzinduka, nadhani itakuwa sura bora ya kitabu chako.

Silaha nitapita haraka. Vitunguu saumu viache jikoni. Somoe ni mtoto wa mikoroshoni, ana kitu kikali zaidi: mafuta ya ganda la korosho, yale yanayowababua vidole kina mama wanaobangua kwa mikono bila kinga. Hiyo ni silaha na pia ni alama. Akimmwagia adui usingizini kisha akaamka kidole chake kina lengelenge, inaweza kuwa vita ya usiku, na inaweza kuwa kazi ya jana mchana.

Alama ndizo zitakazomshika msomaji mkono, na hapa nitakaa kidogo.

Bram Stoker, katika Dracula ya 1897, alilifanya jambo hili vizuri, na ndiyo sababu ninamtaja. Kijana Jonathan Harker, akiwa ndani ya ngome, anakutana usiku na wanawake watatu wanaotaka damu yake, kisha anazinduka kitandani kwake. Hatuambiwi kama ni ndoto. Anaanza kutazama vitu vidogo: nguo zake zimekunjwa tofauti na anavyokunja yeye, na saa yake haijatiwa ufunguo ilhali hailali bila kuutia. Saa na nguo, basi. Msomaji anajua kwamba mtu mwingine amemvua na kumlaza, na damu inamsimama. Stoker hakueleza ndoto zaidi, alieleza tabia za mtu za kila siku mapema, ili zikikiukwa tuone. Nawe fanya hivyo. Sura mbili za mwanzo zituonyeshe Somoe akiwa macho kabisa: komeo analifunga mara ngapi, kandambili anaziweka upande gani wa mlango, kanga ya kulalia anaifunga begani au kiunoni. Tusizione kama maelezo, tuzione akifanya huku anazungumza na mama yake mambo mengine. Baadaye komeo moja tu lililo wazi litatosha.

Mikindani imekupa alama kubwa kuliko zote, nayo ni maji. Wewe umekulia hapo, unajua bila kufundishwa kwamba siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, maji hujaa yapata saa kumi, jioni na alfajiri, na hupwa yapata saa nne, asubuhi na usiku. Saa nne ya usiku wa mwezi mpevu ghuba yenu huwa imekauka, matope yanang'aa, mashua zimelala ubavu. Sasa andika hivi: mwezi mpevu juu ya minazi, saa nne ya usiku, na maji yamejaa mpaka yanapiga ukuta wa barabara ya pwani. Usiseme neno lingine. Msomaji wa Lindi, wa Kilwa, wa Msimbati atasikia baridi mgongoni kabla hajajua kwa nini, maana bahari haifanyi hivyo. Msomaji wa Dodoma hatagundua, na si kitu, kwake ni usiku mzuri wa pwani. Kisha, kitabu kikiwa nusu, mpe Somoe mwenyewe akili ya kulitambua hilo. Awe na njia yake ya kujipima: anatazama maji, anatazama mwezi, anahesabu. Na robo ya mwisho ya kitabu, mchana kweupe, mama yake akiwa kando yake, mbele za watu wote, maji yajae saa isiyo yake. Hapo hata mimi sitalala.

Kiswahili nacho kina nyenzo zake, ambazo naona waandishi wetu wanaziacha. Tazama nyakati za vitenzi. Maisha ya mchana yaandike kwa -li- na -ka-, kama tunavyosimulia barazani:

"Somoe alifunga mlango, akatia komeo, akalala upande wa ukuta."

Ndoto iandike kwa -na- na -me-, hakuna kilichopita, kila kitu kinatokea sasa:

"Somoe anashuka ngazi. Maji yamejaa. Mzee anamngoja na baiskeli yake, gunia limefungwa nyuma, na gunia linavuja."

Usimwambie msomaji kanuni hii. Ishike kwa uaminifu sura sita, sikio lake litajifunza lenyewe, na hutahitaji kuandika "akazinduka, kumbe alikuwa anaota," sentensi ambayo ningeomba uifute kila ilipo katika mswada. Halafu sura ya saba, ile iliyomshinda dada yako, isichanganye kila kitu kwa mpigo. Ivunje kanuni mara moja tu:

"Asubuhi Somoe alichota maji, akakoka moto, akabandika chai. Mama anamtazama mkono."

Kitenzi kimoja kimevuja. Msomaji atarudi nyuma asome tena. Huko si kupotea, ni kushtuka, na mtu aliyeshtuka haachi kitabu. Wasomaji wa Kiswahili si wachanga katika mambo haya: Euphrase Kezilahabi alikwisha kuwapitisha kwenye Nagona, 1990, na Mzingile, 1991, vitabu ambavyo ndani yake njozi na dunia haviachani. Usiwaogope.

Ningependa pia uitazame midimu, ngoma ya vinyago, kwa upole. Kwa Wamakonde mcheza kinyago si kijana wa kijiji aliyejifunika uso. Ni aliyetoka kwa wafu. Wasiochezwa, yaani wasiopitia jando, hawatakiwi kujua ni nani aliye ndani, na waliochezwa wanajua na hawasemi. Uwanja mzima unashika mambo mawili kwa wakati mmoja, huyu ni mzimu na huyu ni mjomba, na hakuna anayeona kwamba moja limelifuta lingine. Vinyago vya mashetani vilivyovuma kuanzia miaka ya 1950, na baadaye kazi za George Lilanga, mzaliwa wa upande wa Masasi aliyefariki 2005, vimetoka kwa watu waliozoea kuwapa wasioonekana meno, masikio na kicheko. Somoe amekulia kati ya watu wa namna hiyo. Hangeshangaa sana kwamba mzee wa korosho ni viumbe wawili. Kitakachomsumbua ni mmoja wao kuwa na njaa. Siri za jando na unyago ziache mahali pake. Huzihitaji, na wenyewe watakusoma.

Kuna jambo jingine la nyumbani ambalo naona linaweza kuibeba riwaya yako yote. Waislamu wa pwani wamefundishwa kwamba ndoto mbaya haisimuliwi: mtu ajikinge kwa Mungu, ateme kushoto mara tatu, ageuke ubavu mwingine, wala asimweleze mtu, nayo haitamdhuru. Somoe amelelewa hivyo. Basi yeye ndiye pekee anayemjua mnyonya damu, na dini yake na malezi yake yanamwambia anyamaze. Akisema, ameipa ndoto nguvu. Akinyamaza, mtoto wa jirani yuko hatarini. Mama anamwona binti anakonda na hapati neno. Nyumba nzima inajaa ukimya ambao una sababu ya heshima, na wewe hukulazimika kubuni hata laana moja. Saa ya kukuamulia unayo pia: adhana ya alfajiri, ile inayosema sala ni bora kuliko usingizi, inakuja wakati ndoto zimerefuka kuliko saa yoyote ya usiku. Ifanye adhana iwe mpaka wake salama. Akiisikia, yuko nyumbani. Kisha usiku mmoja aisikie mara mbili.

Mwisho wa kitabu, sasa. Nimesema usifute, wala usithibitishe. Fanya kitu kimoja kisichoweza kurudishwa, kitokee mchana, kwa -li-, mashahidi wapo. Labda Somoe anapiga na anayekufa ni mzee, na usiku huo watoto wanalala vizuri, na damu yake Somoe inapanda kutoka saba kwenda kumi, ila alikwisha kuanza kunywa dawa za malaria wiki ile ile. Labda hapigi, analitupa panga, anakwenda kukaa na mzee barazani na kumuuliza yeye huota nini. Mimi ningeuchagua huu wa pili, kwa sababu katika hadithi hizi zote za mumiani sijaona mwindaji aliyeketi na mshukiwa na kumsikiliza mpaka mwisho. Mzee anaweza kumjibu kwamba na yeye, miezi mingi sasa, anamwota binti mwenye panga. Lakini kitabu ni chako, na usimwokoe mzee kwa sababu mimi ninamhurumia.

Kuhusu dada yako, usiandike upya kabla ya kumtumia tena, maana ni msomaji mwaminifu aliyekuambia ukweli. Mpe sura ya saba na penseli, na mwingine umpe rafiki ambaye hajasoma lolote. Kila mmoja apige mstari pale anapoamini Somoe amelala, na pembeni aandike kwa neno moja anahofia nini. Mistari ikitofautiana, usiguse kitu. Maneno ya pembeni yakitofautiana, au wakiacha patupu, rudi sura ya tatu umweke mzee mlangoni mapema zaidi, awape watoto maembe, amsalimie mama kwa jina la mwanawe wa kwanza, ili ifikapo sura ya saba wote wawili waandike jina lake.